Jina la Baba Kwenye Mita

Nimerudisha kofia, viatu vya mpira na kitambulisho, na yule bwana wa stoo amenitilia saini kwamba ngazi yao sinayo. Kilichobaki ni ombi lenu nyinyi mnaoshika laini ya Mji wa Kale baada yangu. Mlisema nikae niandike machache kuhusu kazi, hasa ile inayowatoa jasho kuliko kupanda nguzo: kumhamisha mteja wa tokeni kutoka kwa muuzaji mmoja wa umeme hadi kwa mwengine. Haya, nimekaa. Mkitaka kujua nilipandishwa cheo lini, kaulizeni ofisini, maana mimi nimesahau na aliyenipandisha amesahau pia.

Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Mzee Shee, fundi wa Bondeni, mtu mwembamba, mpole wa sauti na mkali wa maneno. Mimi nilikuwa Mkamba niliyeshuka juzi kutoka bara, na Kiswahili changu cha shuleni kilimfanya afumbe macho kila nilipofungua mdomo. Tukafika nyumba ya kwanza, mlango uko wazi, nikaiona mita pale ukutani. Nikaingia, nikasoma, nikaandika, nikatoka. Nilijiona hodari. Mzee Shee alikuwa bado yuko barazani anamuuliza mwenye nyumba habari za goti lake.

"Ushasoma?" akaniuliza.

"Ndiyo."

"Basi futa, uanze upya. Piga hodi, ungoje uitikiwe. Amkua. Uliza watoto, uliza homa. Kisha ndipo usome. Mita haina miguu."

Nikafuta. Niliisoma ile mita mara ya pili baada ya kikombe cha kahawa na habari kamili za goti, tangu lilipoanza kuuma, na kwa muda huo namba ilikuwa imesogea. Mzee Shee alisema hiyo ya pili ndiyo sahihi.

Huenda mnajiuliza vipi mitaa ile ikaangukia mwanamke wa bara, tena Mkristo. Haikuwa kwa ufundi wangu. Wakati ule mita nyingi zilikuwa ndani kabisa, chini ya ngazi au ukumbini. Fundi mwanamume akipiga hodi, husubiri mpaka wanawake wajisitiri, na wakishajisitiri husubiri mpaka apatikane mwanamume wa nyumba wa kumwingiza, naye mwanamume wa nyumba yuko kazini bandarini. Wenzangu walikuwa wakisoma mita nne kwa siku na kunywa sharubati kumi. Mimi nilikuwa nikipita moja kwa moja mpaka jikoni. Mkubwa wetu alipoona karatasi zangu akanipa mtaa mzima, na wenyewe wa mtaa wakanipa jina, Mama Stima, kabla sijapata hata mtoto wa kuniita mama.

Nimeona mengi huko ndani. Nimekuta mita imevalishwa kitambaa cha kufuma, chenye maua na kidirisha cha kusomea namba, kwa sababu bibi mwenye nyumba aliona si adabu ikae wazi vile mbele ya wageni. Nimekuta mita imefanywa pahala pa kutundikia tasbihi, na nyengine imefungiwa ndani ya kabati pamoja na vyombo vya arusi, ufunguo wa kabati uko kwa shangazi. Zote zilikuwa zikisoma sawasawa.

Mkobani mwangu mlikuwa na testa, koleo, bisibisi mbili, kanda nyeusi na mfuko wa sili. Testa ya kwanza alinipa Mzee Shee mwenyewe, na aliponipa alinitaka nimpe ile ya ofisi niliyokuja nayo, akaitupa kwenye pipa. Kuhusu sili hakuwa na mzaha. Sili ni ule ufungo mdogo unaofunga kifuniko cha mita, na ukiukata bila karatasi ya ofisi umejifuta kazi mwenyewe. "Hata akikulilia mamako," alikuwa akiniambia. Miaka yote ile sikukata hata moja bila karatasi. Mara moja nilitaka sana, na habari hiyo yaja.

Jambo jengine alilonifundisha halimo kwenye kitabu chochote cha ofisi. Mita nyingi za Mji wa Kale ziko kwa majina ya watu waliokwisha kuzikwa. Ukipiga hodi ukauliza, "Mwenye nyumba yuko?" utajibiwa kwa heshima, "Ametoka." Mimi mgeni, wiki ya pili, nikauliza anarudi saa ngapi. Mama wa watu akanitazama, akaingia ndani, akaniletea maji ya kunywa. Mzee Shee alinivuta nje. Akanieleza kwamba jina lile halibadilishwi kwa sababu likibadilishwa itabidi kwanza ijulikane nyumba ni ya nani, na hilo likishaulizwa, ndugu wanaokula sinia moja kila Ijumaa wataanza kukumbushana mambo ya utotoni. "Wewe andika 'ametoka'," akasema, "wala usiandike anarudi lini." Basi nikaandika hivyo, nyumba kwa nyumba, mwaka kwa mwaka. Kwa mujibu wa daftari letu, nusu ya wazee wa Mji wa Kale wametoka kwa pamoja na hakuna aliyerudi.

Kisha zikaja mita za tokeni. Ofisini walitufundisha siku tatu jinsi mita inavyofanya kazi. Hawakutufundisha jinsi ya kumweleza bibi aliyezeeka kwamba umeme sasa ni tarakimu ishirini za kubonyeza kwenye kidude kidogo chenye vitufe. Kule Bondeni palikuwa na bibi mmoja aliyenishtakia kwamba kidude chake kinakataa tokeni. Nikaketi nimtazame. Alikuwa akisoma Bismillahi kabla ya kila tarakimu, kwa utulivu wake, na akifika ya nane kidude kinachoka kungoja, kinafuta zote. Nikamwomba aseme Bismillahi moja kwa zote ishirini. Alifikiri sana, akasema atamuuliza kwanza mwalimu wa madrasa. Mwalimu akaruhusu, na umeme ukaingia siku hiyo hiyo.

Sasa tuje kwenye kuhama. Mnajua nyumba nyingi zimegawanywa. Mita kubwa, ile ya shirika letu, ni moja, kisha mwenye nyumba anakwenda kwa kampuni ya watu binafsi, wanampachikia mita ndogo kwa kila orofa au kila mpangaji, na wale wa mita ndogo wanunua tokeni kwa kampuni ile. Siku mmoja wao akitaka kuachana nayo anunue kwetu moja kwa moja, ndipo anapokujia wewe. Mweleze mapema, tena mweleze akiwa amekaa. Umeme uliobaki kwenye mita ya zamani aumalize kwanza, kwani tokeni ya huyu haiingii kwenye mita ya yule. Nyaya zake zitoke moja kwa moja kwenye laini, zisipitie mita ya mtu, na fundi mwenye leseni azitilie saini. Ile mita ndogo waing'oe wenyewe walioiweka, si wewe, hata kama ni parafujo mbili tu na unayo bisibisi mkononi. Na mwenye jina kwenye mita kubwa akubali kwa maandishi. Watu husikiliza yote haya wakiitikia kwa kichwa, halafu huuliza, "Kwa hivyo waja kesho?"

Kesi ngumu kuliko zote ilinijia miezi minne kabla ya kustaafu. Ilikuwa nyumba ya kale, ya chini na juu, kwenye kichochoro ambacho tuktuk huishia mwanzoni mwake. Juu akikaa Bi Khadija, mjane, na chini akikaa mdogo wake, Bi Mwanakombo. Mita kubwa ilikuwa kwenye ukuta wa ngazi, na kidude chake cha kubonyezea kilikaa juu kwa Bi Khadija. Jina lililoandikishwa lilikuwa la baba yao, Mzee Abdalla, ambaye nilimwandika mimi mwenyewe "ametoka" tangu siku zangu za mwanzo.

Bi Mwanakombo alikuwa akiishi kwa sambusa. Mwezi wa Shaabani hukunja mchana kutwa, akazitia kwenye friza, na Ramadhani ikiingia mtaa mzima hufuturu kwa mkono wake. Friza hiyo ndiyo iliyoleta ugomvi. Bi Khadija alisema inakula umeme wake, akaita kampuni, ikapachika mita ndogo chini. Mita ile haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwamba mita ndogo inapata umeme kupitia mita kubwa: tokeni za juu zikiisha, chini nako ni giza, hata kama mita ndogo imejaa pomoni. Na Bi Khadija, pamoja na mema yake yote, alikuwa msahaulifu wa tokeni kuliko mteja yeyote niliyepata kumwona. Ramadhani iliyopita sambusa za watu ziliharibika, na Bi Mwanakombo akapita nyumba kwa nyumba kuomba radhi.

"Mama Stima," aliniambia, mikono imejaa unga, "walinisamehe. Lakini mara ya pili hawatanipa oda tena, na mimi sina kazi nyengine ninayoijua. Nipatie mita yangu kabla ya mwezi kuandama."

Nikadhani ni kazi ya wiki mbili. Fundi alishapitisha nyaya na kutia saini. Cheti cha kifo cha Mzee Abdalla kilikuwa sandukuni, pamoja na barua ya Kadhi yenye majina ya warithi, waliyoichukua zamani kwa ajili ya mafao yake ya bandarini, na waliobaki hai katika majina yale ni wao wawili. Lakini umeme ulikuwa wa Mzee Abdalla, na Mzee Abdalla hawezi kukubali kwa maandishi. Kwa hivyo jina libadilishwe kwanza. Fomu ya kubadilisha jina ina mstari mmoja ulioandikwa "Sababu", na mrithi mkubwa lazima aujaze kwa mkono wake mwenyewe. Bi Khadija alikataa kuujaza.

Dada hawa walikuwa hawasemezani tangu mita ndogo ilipopachikwa. Lakini ngazi za nyumba ile ni za wazi, na mtu akipiga chafya chini huombewa rehema juu. Basi mimi nikawa nasimama katikati ya ngazi, fomu mkononi.

"Mwambie," alisema Bi Khadija kutoka juu, "jina la Baba likitoka kwenye mita, nyumba ni ya nani?"

Nikageuka chini. Bi Mwanakombo hakuinua macho kwenye sinia lake. "Nimesikia. Mwambie ni yetu sisi."

Nikageuka juu. "Anasema ni..."

"Mimi si kiziwi, Mama Stima. Mwambie leo ataka mita yake, kesho atataka hati yake, kesho kutwa ataniletea mnunuzi. Wamejaa hawa watakao nyumba za kale wafanye hoteli."

"Mwambie niuze niende wapi? Nikakunje sambusa Kibarani?"

"Mwambie asinipandishie sauti."

"Mwambie sauti ni hii hii aliyonijua nayo tangu nazaliwa."

Mimi ni fundi wa umeme. Swali la Bi Khadija, nyumba ni ya nani, si swali la umeme, na nilimwambia hivyo. Akanijibu kwamba kama si swali la umeme, basi fomu ya umeme isiliulize. Miezi minne nilipanda ngazi zile, na kila safari niliondoka na sambusa mbili kutoka chini, kipande cha mkate wa sinia kutoka juu, na mstari mtupu. Nyumbani kwangu Ganjoni mume wangu aliniuliza kama nimebadilisha kazi.

Mwanzoni nilimkasirikia Bi Khadija. Nilimwona mchoyo. Baadaye nikafahamu kwamba alikuwa anaogopa tu. Maadamu jina la Baba lipo, hakuna wa kuuza na hakuna wa kuhama. Siku atakapoandika kwamba baba yake hayuko duniani, nyumba itaanza kugawanywa, na akilini mwake mgawanyo huo uliishia na yeye kukaa juu peke yake, akisikiliza wageni wakiburuta masanduku chini. Kumbe na Bi Mwanakombo alikuwa akiogopa hivyo hivyo, kwamba dada yake ipo siku atamwambia atoke na friza yake. Kila mmoja aliniambia mimi hofu yake kwa kunong'ona, na hiyo ndiyo mara pekee waliyonong'ona katika nyumba ile.

Ikafika wiki yangu ya mwisho ya kazi, na Ramadhani iko mlangoni. Bi Khadija alikwenda Malindi kwa jamaa zake, arusini, akafunga mlango wa juu kwa kufuli. Siku ya pili asubuhi Bi Mwanakombo akanipigia simu. Hakuniamkua, na hapo nikajua mambo yameharibika.

"Tokeni za juu zimekwisha," akasema. "Friza imenyamaza."

Nilipofika nilimkuta amekaa juu ya friza. Ameifunika blanketi mpaka chini, na yeye mwenyewe ameketi juu yake ili mtu asije akaifungua. Mpira wa kifuniko cha friza ile ulilegea zamani, haushiki baridi, na alikuwa na imani kwamba uzito wake utaubana. Uzito alikuwa nao, alhamdulillahi, kama anavyosema mwenyewe.

"Zote zimo humu?" nikamuuliza.

"Mtaa mzima umo humu."

Tokeni anaweza kununua mtu yeyote mwenye namba ya mita, na namba ile naijua kwa moyo. Shida ni kuitia, kwa maana kidude cha kubonyezea kilikuwa nyuma ya kufuli la Bi Khadija, au ndivyo nilivyodhani. Nikampigia Bi Khadija nimuulize ufunguo uko wapi. Simu ilikuwa ikitumika. Nikangoja, nikapiga tena, bado inatumika. Nilipiga mpaka nikakasirika, nikasema maneno kuhusu watu wanaopiga soga arusini wenzao wakiteketea. Bi Mwanakombo alikuwa anatazama sakafuni, ambako mstari mwembamba wa maji umeanza kutoka chini ya blanketi. Akaanza kulia, bila kushuka.

Hapo ndipo nilipotaka kukata sili. Mita kubwa ilikuwa hatua tano kutoka niliposimama. Kwa kukata sili moja na kuunganisha nyaya mbili, friza ingenguruma, na jioni ningerudisha kila kitu kama kilivyokuwa. Zilikuwa zimenibakia siku nne. Nani angejua? Nikatoa koleo mkobani, nikapanda, nikafika mpaka kwenye mita, nikaishika ile sili kwa vidole.

"Teremka," akasema Bi Mwanakombo nyuma yangu, huku akijifuta macho kwa leso. "Watakuondoa kwa aibu siku nne kabla. Mimi nitawalisha watu sambusa hizo kwa uso gani?"

Nikateremka. Nilikuwa bado nimeshika koleo simu yangu ilipolia, na aliyepiga ni Bi Khadija mwenyewe.

"Mama Stima, umeme umerudi?"

"Haujarudi, Bi Khadija. Nambie ufunguo uko wapi, nipande nikatie tokeni."

"Utatia na nini? Kidude ninacho mimi."

"Unacho wapi?"

"Hapa Malindi. Nilikitia mkobani, mtu asije akakichezea. Nimekichomeka ukutani kwa watu tangu alfajiri, natia namba. Nimetia mara kumi na moja, chaniambia kosa. Hebu mwambie huyo aitazame friza, huenda moja imeingia."

Nikakaa kwenye ngazi. Nyinyi mnajua, lakini kwa atakayesoma naye si wa kazi hii: kidude kile huzungumza na mita yake kupitia nyaya za nyumba ile ile. Kukipeleka Malindi ni kama kuchukua ufunguo wa mlango wako ukautia kwenye kitasa cha jirani. Nilimweleza hivyo. Akasema kwamba pesa siku hizi zaenda kwa simu kutoka popote, sasa umeme una nini hata usiende. Kwa kweli hoja yake haikuwa ya kijinga.

Ikawa ndiyo nafahamu yaliyopita. Alfajiri ile Bi Zena, jirani wa dirisha la ng'ambo, alimpigia Bi Khadija simu kumwambia nyumba yao haina taa. Bi Khadija akanunua tokeni papo hapo. Alimwacha bibi arusi anapambwa, akapiga magoti ukutani kwa watu na kile kidude, na kila akimaliza tarakimu ishirini humpigia Bi Zena achungulie dirishani kama taa imewaka. Ndiyo maana simu yake ilikuwa ikitumika kila nilipopiga. Hakuwa akipiga soga, na nikaona haya kwa maneno niliyoyasema.

Nikaigeuza simu ili Bi Mwanakombo naye asikie.

"Mwambie asiifungue friza," Bi Khadija alikuwa akisema, na sauti yake sasa imebadilika. "Mwambie nimesahau tena, na yeye alinionya. Mwambie zikiharibika nitapita mimi nyumba kwa nyumba kuomba radhi. Nitapita mimi, yeye akae."

"Mwambie..." Bi Mwanakombo akaanza. Kisha akaninyang'anya simu mkononi. "Dada, usinililie. Panda gari uje."

Tukangoja. Bi Zena akaja na barafu aliyoiomba kwa wauza samaki, tukaipanga kuizunguka friza ndani ya blanketi, kwa nje tu, maana hakuna atakaye kufuturu sambusa ya kuku inayonuka changu. Bi Mwanakombo hakuteremka isipokuwa kusali, na alipokwenda kusali alinikalisha mimi mahali pake. Nilikaa pale na sare yangu ya kazi, nikimwomba Mungu kwa njia yangu, na nikiomba pia mkubwa wangu asipite.

Baada ya alasiri kidogo tukasikia viatu kichochoroni. Bi Khadija aliingia bado amevaa nguo ya arusi, asumini nyweleni zimenyauka, kidude amekikumbatia kifuani kwa mikono miwili. Hakuamkua mtu. Akapanda, akafungua kufuli, akakichomeka. Nikamsomea tarakimu kutoka kwenye simu yake, naye akabonyeza. Ya ishirini ilipoingia, friza chini ikanguruma, na Bi Mwanakombo akasoma dua kwa sauti. Tulipofungua kutazama, zile za juu zimelegea kidogo, na za chini zote ngumu kama zilivyotiwa. Mtaa ungefuturu.

Bi Khadija akakaa kwenye kidato cha katikati ya ngazi, pale nilipozoea kusimama mimi. "Lete ile karatasi," akaniambia.

Nikampa, na kalamu. Akaisoma yote tangu juu, kama kwamba hakuiona miezi minne. Akafika kwenye ule mstari. Kalamu ikasimama.

"Andika wewe, Mwanakombo."

"Sheria yataka mkubwa."

"Na wewe ukishapata chako, ukiniacha peke yangu huku juu?"

"Dada, nitakwenda wapi na friza hili? Hata mlangoni halipiti. Baba alilazimika kung'oa fremu."

Bi Khadija akacheka kidogo, na katika kucheka kule akaandika, taratibu, kwa mwandiko mzuri wa watu waliosoma zamani: Baba amefariki. Akayatazama yale maneno mawili. Bi Mwanakombo akapanda vidato vitatu, akakaa kando yake, akayasoma naye, na wote wawili wakaangua kilio, kilio hasa cha msiba, kikatoka kwa dirisha la ngazi kikaenda kichochoroni. Mimi nilisimama na mkoba wangu, nisijue pa kutazama, na machozi yananitoka kwa mtu nisiyepata kumwona.

Haikupita dakika Bi Zena akaingia mbio, leso kichwani, na nyuma yake wanawake wengine watatu.

"Nani?" akauliza. "Nani amekufa?"

"Baba," akasema Bi Khadija.

Bi Zena ndiye aliyepika chakula cha matanga ya Mzee Abdalla, yeye akiwa mke mpya mtaani. Aliwatazama hawa dada, akaitazama fomu, akaitazama kalamu. Kisha akakaa chini kwenye kidato, akajitanda leso yake vizuri, na wale watatu wakakaa nyuma yake.

"Mola amrehemu," akasema. "Tulikuwa twangoja mtwambie."